Mke wa mfalme wa Korea ya zamani: usiulize alipendwa kiasi gani, uliza ni binti wa nani

Dada yangu uliyeandika kutoka Tanga, swali lako nitalijibu kwa urefu mana najua wengi wanajiuliza hivohivo ila hawasemi. Umesema umekua ukiangalia tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili, unamuona malkia kakaa kama sanamu, kichwani vipini vya dhahabu, pembeni wake wenza wanamvizia, kila kikombe kina sumu, ukauliza mambo matatu: je maisha ya mke wa mfalme yalikua hivo kweli, je alikua na nguvu au ni mfungwa tu aliyevalishwa hariri, na mfalme akishakufa yeye anaenda wapi.

Kwanza tutenganishe nyakati. Tamthilia nyingi unazoziona zinahusu ufalme wa Joseon, ulioanza 1392. Kabla yake kulikua na Goryeo, toka 918 mpaka huo mwaka 1392, mji mkuu Kaesong ambao leo uko Korea Kaskazini karibu kabisa na mpaka, na hii Goryeo ndo iliyotupa hili jina Korea tunalotumia mpaka leo. Mimi nikisema enzi za kati za Korea namaanisha hasa Goryeo. Na wanawake wa Goryeo waliishi maisha ambayo wajukuu zao wa Joseon wasingeyaamini, kwaiyo ukivichanganya hivi vipindi viwili unakua umewafuta watu halisi na kuweka picha moja ya mwanamke mnyonge kwa miaka elfu, kitu ambacho sio kweli na binafsi kinaniuma.

Sasa mwanzilishi wa Goryeo, Wang Geon, kabla hajawa mfalme alikua jemadari. Siku moja akiwa na jeshi lake alipita sehemu inaitwa Jeongju akamuona msichana kasimama karibu na kijito, akamuuliza swali moja tu, wewe ni binti wa nani? Msichana akajibu kwamba yeye ni binti wa tajiri wa mji ule. Wang Geon akaenda kulala nyumbani kwao, baba mtu akalilisha jeshi zima na usiku akamtoa yule binti. Alafu jemadari akaondoka, kimya, hakuna habari, binti akanyoa nywele akaenda kua mtawa wa Kibudha, mpaka Wang Geon aliposikia ndo akamfata akamuoa rasmi. Huyo ndo mke wake wa kwanza, wa ukoo wa Yu, anajulikana kama malkia Sinhye. Mwaka 918 majemadari walipokuja usiku nyumbani kumshawishi mumewe ampindue bwana wao Gung Ye, Wang Geon alisitasita, anakataa, na mkewe ambaye walishamuondoa chumbani kwa kisingizio cha kwenda kuchuma matikiti alikua amejificha nyuma ya pazia anasikiliza kila kitu, akatoka, akabeba deraya ya mumewe akamvalisha yeye mwenyewe. Asubuhi ile Goryeo ikazaliwa.

Nimeanza na hii stori kwa sababu lile swali la pale kijitoni, binti wa nani wewe, ndo ufunguo wa kila kitu. Ukitaka kujua mke wa mfalme wa Korea aliishi vipi usihangaike na mapenzi ya mfalme, uliza baba yake nani, kwao kuna nini, ndugu zake wana askari wangapi na mashamba mangapi. Jibu la hapo ndo litakwambia kama alilala usingizi au hakulala.

Wang Geon alioa wake 29. Ndio, ishirini na tisa, 6 wana hadhi ya malkia na 23 wanafuata chini yao, akazaa nao wavulana 25 na wasichana 9. Watu wakisikia hivo wanacheka wanasema mzee alikua na tamaa, lakini angalia ramani: mmoja katoka Naju kusini, mwingine Chungju, mwingine Hwangju, mwingine Pyeongju, mwingine wa damu ya kifalme wa Silla, ufalme wa zamani uliosalimu amri. Kila mkoa ulikua na bwana wake mwenye jeshi lake, na Wang Geon hakua na uwezo wa kuwapiga wote, akawa mkwe wao. Kila mwanamke alikua ni mkataba unaotembea kwa miguu. Na ndo mana mi sipendi watafsiri wanaowaita hawa wote masuria, mana kwetu suria ni mjakazi aliyechukuliwa na bwana wake, hana kwao kwa kusemea, sasa utamwitaje suria binti wa mtu mwenye ngome? Hawa walikua wake, kwa ngazi tofauti lakini wake.

Ila mkataba unaweza kusahaulika mezani. Kuna mabinti wawili wa bwana mmoja aitwae Kim Haeng-pa, mpiga upinde hodari, Wang Geon akiwa safarini kwenda Pyongyang alipokelewa na huyu bwana, na baba akawatoa mabinti zake wote wawili, usiku mmoja huyu, usiku wa pili yule. Mfalme akaondoka hakurudi tena. Wote wawili wakaingia utawani. Baadae mfalme akawaonea huruma akawajengea mahekalu mawili pale Pyongyang, Hekalu Kubwa la Magharibi na Hekalu Dogo la Magharibi, na mpaka leo kwenye historia hawana jina lingine zaidi ya bibi wa Hekalu Kubwa na bibi wa Hekalu Dogo. Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Usiku mmoja, alafu maisha mazima.

Na hili la majina ulishike dada. Wanawake wa jumba la kifalme la Goryeo waliandikwa kwa ukoo wa baba, kwa jina la jumba walilokaa, au kwa cheo walichopewa baada ya kufa. Hata malkia Sinhye niliyemtaja hapo juu, "Sinhye" ni jina la heshima alilopewa alipokufa, mumewe hakuwahi kumwita hivo.

Haya, kuhusu nguvu. Goryeo kulikua na desturi kwamba mwanaume akioa mara nyingi anahamia kwa wakwe, watoto wanakulia kwa babu na bibi mzaa mama, na binti anarithi sawa na kaka yake. Familia ya mfalme nayo ilibeba harufu hiyohiyo. Mke wa mfalme hakua chumba kimoja ndani ya nyumba ya mwanaume, alikua na jumba lake lenye jina, na jumba lina watumishi wake, mashamba yake, ghala lake, watumwa wake, na wengi waliitwa kwa jina la hilo jumba, yaani kama tungesema Bibi wa Jumba Fulani. Hiyo ni ofisi kabisa, ina bajeti. Karne ya 11 chini ya mfalme Munjong wakapanga hata ngazi, kukawa na gwibi, sukbi, deokbi na hyeonbi, wote daraja la kwanza sawa na mawaziri wakubwa kabisa.

Kuna jambo linashangaza watu wengi, nalo ni wafalme wa mwanzo wa Goryeo kuoa dada zao wa mama tofauti. Mfalme Gwangjong, mtoto wa Wang Geon, alimuoa Daemok ambae nae ni mtoto wa Wang Geon kwa mama mwingine wa ukoo wa Hwangbo wa Hwangju. Walichofanya ni kumhesabu binti kwa ukoo wa mama yake, kwaiyo kwenye maandishi anakua sio wa ukoo wa Wang tena, ni Hwangbo. Sababu ni ileile ya mali na nguvu, ukimuozesha binti wa mfalme nje unamtengenezea mtu mwingine madai ya kiti, ukimuoza ndani vinabaki nyumbani. Sasa mwaka 956 Gwangjong akatoa amri kwamba watumwa wote nchini wachunguzwe, yule aliyekamatwa vitani au kwa deni akiwa mtu huru aachiwe. Mabwana wa mikoa wakaona wanavunjwa miguu, mana watumwa wale ndo jeshi lao na ndo nguvu kazi ya mashamba yao. Na nani alimwendea mfalme kumsihi aache? Mkewe, Daemok. Kumbukumbu zinasema alimsihi sana na mfalme hakusikia. Watu wanamlaumu Daemok kwamba alitetea utumwa, na ni kweli alitetea, siwezi kumsafisha kwa hilo, lakini angalia alisimama upande gani: miaka yote ile ndani ya jumba la kifalme, mke na dada wa mfalme, bado alikua mtu wa Hwangju.

Sasa nakuja kwenye stori ambayo ingekua juu yangu ningeifundisha kila shule, na humu ndo kuna jibu la swali lako la sumu.

Kulikua na ukoo wa Yi wa Inju, sehemu ambayo leo ni Incheon, pale wanapotua wageni wengi wa Korea kwa ndege. Kuanzia Munjong, aliyeoa mabinti watatu wa baba mmoja wa ukoo huu, wakawa wanatoa wake wa wafalme kizazi baada ya kizazi mpaka ikawa kama kiti kile ni cha wajukuu zao. Aliyefika juu kabisa ni Yi Ja-gyeom. Binti yake wa pili aliolewa na mfalme Yejong akamzaa Injong, na Yejong alipokufa 1122 Injong akawa mfalme akiwa bado kijana mdogo kabisa. Babu mzaa mama akaona hii nafasi isipotee, akamuozesha mjukuu wake binti yake wa tatu, alafu mwaka uliofata akamuozesha na wa nne. Hesabu mwenyewe dada, hawa ni mama zake wadogo! Wamezaliwa tumbo moja na mama yake mzazi, na babu yake sasa ni baba mkwe wake mara mbili.

Mwaka 1126 watu wa mfalme wakajaribu kumuua Yi Ja-gyeom wakashindwa, rafiki yake jemadari Cheok Jun-gyeong akachoma jumba la kifalme moto, na mfalme mwenye miaka 17 hivi akachukuliwa kwenda kukaa nyumbani kwa huyohuyo babu yake kama mateka. Sa kulikua na utabiri unazunguka kwamba mtu wa ukoo wa Yi atakua mfalme, mzee nao ukamlevya. Akatuma vitumbua vya mchele vyenye sumu apewe mfalme. Yule mke mdogo, binti wa nne, akamnong'oneza mfalme asile, wakamrushia kunguru, kunguru akafa. Mzee akatuma sumu nyingine, safari hii akaagiza binti yake mwenyewe ndo aibebe bakuli ampelekee mumewe. Binti akalibeba, akatembea nalo, na akajikwaa makusudi akaanguka, bakuli likamwagika lote.

Fikiria ule mwendo wa hatua chache. Nyuma yako baba yako mzazi, mbele yako mumeo ambae pia ni mtoto wa dada yako, na ukikataa waziwazi unakufa, ukikubali unaua, kwaiyo kitu pekee ulichobakiwa nacho ni miguu yako kujikwaa. Hakuna hotuba, hakuna jeshi. Mi nimesoma habari za wafalme wengi lakini ujasiri kama ule nimeuona mara chache sana.

Mfalme akafanikiwa kumgeuza Cheok Jun-gyeong, Yi Ja-gyeom akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Yeonggwang akafia huko mwaka uleule. Alafu maofisa wakamwambia mfalme hawa wanawake wawili ni dada za mama yako, ndoa hii haifai, na wote wawili wakavuliwa umalkia. Waliowaoza ni baba, waliokubali ndoa ni maofisa haohao, waliolipa ni hawa wanawake wawili. Ila Injong hakusahau lile bakuli, yule mdogo alipewa nyumba, mashamba na watumishi, akaishi kwa heshima mpaka 1195, wafalme wamepita yeye yupo.

Kwaiyo sumu ilikuepo, ila haikutoka kwa wake wenza wanaogombania mume kama unavoona kwenye runinga, ilitoka kwa baba wa bi harusi.

Kuhusu siku za kawaida nitasema kidogo tu, mana kwa kweli siku nyingi zilikua za kawaida. Mke wa mfalme wa Goryeo alikua mtu wa dini sana, Ubudha ulikua umejaa kila kona, anagharamia mahekalu, anaagiza misahafu ya Kibudha inakiliwa kwa wino wa dhahabu na fedha, anahudhuria sherehe za taa. Malkia Inye, mke wa Munjong na mmoja wa wale mabinti watatu wa Inju, alizaa wafalme watatu na mtawa mkubwa Uicheon, na ndo aliyeanzisha ujenzi wa hekalu la Gukcheongsa lililokuja kua makao ya madhehebu ya Kibudha ya mwanae, ingawa yeye alikufa 1092 kabla halijakamilika. Mezani kwake kulikua na vyombo vya rangi ya kijani kama jiwe la jade, vile ambavyo leo makumbusho duniani wanavigombania.

Karne ya 13 kila kitu kikapinduka. Wamongolia waliipiga Goryeo miaka karibu thelathini, mwisho ikasalimu, na 1274 mwana wa mfalme, ambae muda mfupi baadae akawa mfalme Chungnyeol, akaozwa binti wa Kublai Khan mwenyewe, mfalme mkuu wa Wamongolia. Binti ana miaka 16, bwana harusi kashapita 35, tena ana mke nyumbani, mwanamke wa ukoo wa kifalme aitwae Jeonghwa, na wana watoto. Turudi kwenye swali letu, binti wa nani? Binti wa Kublai Khan! Hapo hakuna mjadala. Jeonghwa akasukumwa pembeni, akawekwa nyumba nyingine. Binti wa Kimongolia alipojifungua mtoto wa kiume 1275 ikafanyika karamu, ukazuka ugomvi wa nani anakaa wapi, na ikabidi Jeonghwa, aliyeolewa kabla yake, apige magoti amtilie kinywaji yule msichana. Mwaka uliofuata ikaletwa barua isiyo na jina kwamba Jeonghwa anamroga binti wa Khan, akafungwa, mpaka mzee mmoja wa serikali, Yu Gyeong, akaenda kulia machozi mbele ya binti wa Khan ndo akaachiwa.

Huyu binti wa Khan, jina lake Qutlugh Kelmish, hakua mtu wa kukaa nyuma ya pazia. Alifanya biashara, alikusanya mbegu za misonobari na ginseng, ule mzizi wa dawa, akawa anatuma kusini mwa Uchina kuuza kwa faida, na sehemu ambazo hivo vitu havioti watu walidaiwa vilevile, wananchi wakalia. Siku moja wanaenda hekaluni akaona msafara wake ni mdogo haumfai, akageuka kurudi, mfalme akamfata, akampiga mfalme kwa fimbo mbele za watu! Mfalme wa Goryeo! Alikuja pia na watu wake wa kwao, na mmoja wao alikua Muislamu aliyeitwa Samga, akapewa jina la Kikorea Jang Sun-ryong na cheo kikubwa, akajenga nyumba ya kifahari Kaesong, na wazao wake wako Korea mpaka leo kama ukoo wa Jang wa Deoksu. Ila usimuone yule binti kama zimwi. Alitolewa kwao na miaka 16, lugha hajui, chakula sio chake, mume mtu mzima ana familia, akafa 1297 hajafika hata 40.

Na njia ilikua ya pande mbili. Goryeo ililazimishwa kupeleka wasichana Uchina kwa Wamongolia kama kodi, familia zikawa zinaficha mabinti na kuwaoza wadogo. Mmoja wa waliopelekwa, wa ukoo wa Gi, alianza kama mtumishi wa kumtilia chai mfalme mkuu wa Wamongolia, na 1340 akafanywa malkia wa pili wa dola lile zima na mwanae akawa mrithi. Kaka zake waliobaki Goryeo wakavimba kichwa, na 1356 mfalme Gongmin wa Goryeo akamuua Gi Cheol, kaka wa huyo malkia, na kuvunja utawala wa Wamongolia.

Huyu Gongmin mwenyewe mkewe alikua Mmongolia, malkia Noguk. Kwa kanuni yangu ya binti wa nani huyu alitakiwa awe adui, kumbe ndo alisimama na mumewe wakati anapigana na dola la kwao. Mwaka 1363 wauaji walipovamia hekalu la Heungwangsa walikolala, mfalme alijificha chumbani na Noguk akaenda kukaa mlangoni, yaani mnanipita mimi kwanza, na hakuna aliyethubutu kumgusa binti wa ukoo wa Khan. Kwaiyo kanuni haijavunjika, ila yeye ndo aliamua aitumie kwa ajili ya nani. Alikufa akijifungua 1365, na Gongmin hakupona tena, alichora picha yake kwa mkono wake mwenyewe, akamwaga mali ya nchi kwenye kaburi. Makaburi yao mawili yako sambamba kilimani nje ya Kaesong mpaka leo.

Sasa Joseon. Waliochukua nchi 1392 walikua wafuasi wakali wa mafundisho ya Confucius, mwalimu wa kale wa Uchina, na walishaona mambo ya Yi Ja-gyeom, wakasema ukoo wa mke ndo ugonjwa wa serikali, ukatwe. Mfalme Taejong aliwaua shemeji zake wanne, kaka zake mkewe, wawili 1410 na wawili 1416, mkewe ambae familia yake ndo ilimsaidia kupata kiti. Alafu alipomuachia kiti mwanae Sejong 1418 akageukia wakwe wa mwanae. Baba wa malkia mpya, Sim On, alikua ametumwa Uchina kama balozi, anarudi akakamatwa, akanyweshwa sumu, na mama mtu akashushwa kua mtumwa wa serikali kwa miaka kadhaa. Binti yao Soheon akabaki malkia. Maofisa walitaka avuliwe, Taejong mwenyewe akakataa, kwaiyo akaendelea kukaa mle ndani, kumpa heshima baba mkwe aliyemuua baba yake, akamzalia Sejong wavulana 8 na wasichana 2. Hapa ndo naona yule mfungwa uliyemuuliza dada, na kilichomfunga sio ukuta, ni kwamba sasa hana kwao. Alipokufa 1446, mwaka uleule ambao Sejong alitangaza herufi mpya za Kikorea, Sejong aliagiza maisha ya Budha yaandikwe kwa herufi zile kwa ajili ya roho ya mkewe, kazi akaifanya mtoto wao.

Na uchawi wa kugombea mume ambao unauona kwenye runinga nao hapa ndo unaanza kuonekana vizuri. Mwaka 1429 mke wa mwana wa Sejong, wa ukoo wa Kim, alifukuzwa kwa sababu mumewe alikua hamtazami na yeye akafundishwa na mtumishi wake achome viatu vya wale wasichana ambao mume anawapenda, majivu amtilie mume kwenye kinywaji. Yeye akarudishwa kwao, mtumishi akakatwa kichwa. Binti mdogo, mume hamgusi, baba yake haruhusiwi kusema neno, kabakiwa na majivu ya viatu. Mi nashindwa kumcheka.

Swali lako la mwisho, mfalme akifa anaenda wapi. Goryeo anaweza kutoka. Malkia Heonjeong, mjane wa mfalme Gyeongjong aliyekufa 981, alihama jumba la kifalme akaishi nyumbani kwake mjini Kaesong, jirani yake ni Wang Uk, ndugu wa baba yake, wakapendana, akashika mimba. Mwaka 992 siku moja watumishi wakawasha moto uani kwa Wang Uk makusudi ili siri itoke, mfalme Seongjong ambae ni kaka yake Heonjeong akaja kuangalia moto, akajua. Heonjeong akatembea kurudi kwake, uchungu ukamkuta mlangoni, akashika tawi la mti, akajifungua mtoto wa kiume pale, akafa. Wang Uk akahamishiwa mbali kusini. Mtoto akalelewa na yaya, siku moja akapelekwa mbele ya mfalme, akapanda magotini akamwita baba, na Seongjong akalia, akaamuru apelekwe kwa baba yake. Mtoto yule ndo mfalme Hyeonjong. Dada yake Heonjeong, Heonae, mjane wa mfalme yuleyule, alitawala nchi kwa niaba ya mwanae toka 997, akawa na mpenzi wake waziwazi na akamzalia mtoto, mpaka mapinduzi ya 1009 yalipomtupa uhamishoni. Hata kuolewa mjane haikua aibu, mfalme Chungseon 1308 alimuoa mjane wa ukoo wa Heo mwenye watoto saba wa mume wa kwanza, na akampa cheo.

Joseon mlango ukafungwa. Malkia Jeongsun, mke wa yule mfalme mtoto Danjong, mumewe alinyang'anywa kiti na baba yake mdogo 1455, akauawa uhamishoni Yeongwol 1457. Binti alikua na miaka 17 hivi. Akatolewa nje ya lango la mashariki la Seoul akaishi kibandani na watumishi wachache, na wakawa wanapata riziki kwa kutia kitambaa rangi ya zambarau kwenye chemchemi iliyokuepo karibu, mahali pale panaoneshwa mpaka leo. Hakuolewa tena, isingewezekana. Akaishi mpaka 1521, miaka 64 ya ujane, wafalme watano wamekaa kwenye kile kiti baada ya mumewe. Cheo cha malkia alirudishiwa 1698, akiwa kaburini mwaka wa 177.